Kodi ya Chumba Kariakoo

Kiswahili kina neno moja kwa madeni mawili. Kodi ni mali ambayo raia huitoa kwa Serikali, na kodi vilevile ni mali ambayo mpangaji huitoa kwa mwenye nyumba. Wenyeji wa bara walio wengi hawakuwa na haja kubwa ya maana hii ya pili, kwa kuwa mtu alijenga kwa miti na udongo wa kwao, wala hakumlipa mwingine kwa sababu ya kulala. Mjini mambo yalikuwa mengine. Tangu mwaka wa 1898, Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba katika koloni yao, mpangaji wa Dar es Salaam alimlipa mwenye nyumba kwa ajili ya chumba, na mwenye nyumba akailipa Serikali kwa ajili ya nyumba. Malipo yote mawili yaliitwa kodi. Mtu aliyelalamika barazani kwamba kodi imepanda alipaswa kwanza kuulizwa ni kodi ipi, na aghalabu jawabu lilikuwa kwamba ile ya pili imepanda kwa sababu ya ile ya kwanza.

Habari za kodi hii ya chumba zaweza kusimuliwa kwa miji mingi, lakini hakuna mtaa wa Afrika ya Mashariki ambamo zinaonekana wazi zaidi kuliko Kariakoo. Sayyid Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakaufanya mji huo kuwa makao makuu yao katika mwaka wa 1891. Upande wa magharibi wa mji palikuwa na shamba kubwa lililomilikiwa na Mjerumani aliyeitwa Schoeller. Waafrika walijenga vibanda vyao humo, nyumba zikiwa zao na ardhi ikiwa ya mwenye shamba, nao wakamlipa yeye kwa kila kiwanja. Karibu na mwaka wa 1914 Serikali ya Kijerumani iliinunua ardhi ile ili ipime mtaa wa Waafrika, wenye njia zilizonyooka na viwanja vilivyolingana. Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kabla kazi haijafika mbali. Waingereza waliingia mjini Septemba 1916 na kuiweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi, waliokuwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Ulimi wa Mswahili ukalisaga jina hilo likawa Kariakoo. Nairobi nayo ina mtaa wenye jina lililozaliwa na kikosi hicho hicho.

Wapagazi waliokufa katika vita hivyo kwa maradhi, njaa na kuchoka walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mtu atembeaye leo katika mtaa wa Mahiwa au wa Narung'ombe hutembea juu ya majina ya mapigano ya mwaka wa 1917, ambayo risasi zake zilibebwa kwa vichwa vya watu kama hao. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa kuwa mji huu wa vyumba vya kupanga ulianza kuwa kambi ya watu wasio na kwao hapo.

Katika mwaka wa 1924 Serikali ya Kiingereza iliugawa mji kwa kanuni za ujenzi katika maeneo matatu. La kwanza lilikuwa la nyumba za namna ya Kizungu, la pili la nyumba za biashara na makazi, na la tatu la nyumba za namna ya wenyeji. Kanuni zenyewe zilitaja aina ya nyumba, hazikutaja rangi ya mtu. Lakini kila mtu alijua maana yake, na lugha ya mitaani haikujifanya haijui, ikasema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mtupu wa Mnazi Mmoja, ambao wakubwa walisema ni wa hewa safi na afya.

Mgawanyo huu ndio uliozaa soko la vyumba. Kiwanja cha Kariakoo kilitolewa kwa haki ya muda mfupi, na mtu mwenye haki ya muda mfupi hawezi kukopeshwa na benki, wala hana moyo wa kujenga kwa mawe. Alijenga kwa miti na udongo, akaezeka kwa makuti, baadaye kwa madebe yaliyonyooshwa, na alipopata nafuu akaezeka kwa bati. Kwa hiyo nyumba ilikuwa rahisi, na kwa sababu ilikuwa rahisi, mpishi, askari aliyestaafu, dobi, au mama aliyeuza chakula aliweza kuwa mwenye nyumba. Katika miji mingi ya dunia wapangishaji ni matajiri wachache wenye majumba mengi. Kariakoo ya wakati ule ilikuwa na wapangishaji wengi wenye nyumba moja moja, na wengi wao walilala katika nyumba ile ile pamoja na wapangaji wao.

Nyumba yenyewe inajulikana na kila mtu wa pwani. Mbele ni baraza. Katikati ni ukumbi mrefu ulionyooka kutoka mlango wa mbele hata mlango wa uani. Kulia vyumba vitatu na kushoto vitatu. Nyuma ni ua wenye jiko, choo na mahali pa kuogea. Mhandisi wa Kizungu angeiona kuwa ni nyumba ya jamaa moja yenye vyumba sita. Mwenyeji aliiona kuwa ni nyumba sita zenye ua mmoja. Chumba kilipangishwa kitupu: mpangaji alikuja na kitanda chake, sanduku lake na taa yake, akalipa mwisho wa mwezi, na mapatano yao yalikuwa ya mdomo. Chumba cha mbele kilichotazama barabara kilikuwa na thamani zaidi, kwa kuwa dirisha lake lingeweza kugeuzwa kuwa genge au mlango wa fundi cherehani.

Kodi iliongozwa na miguu. Mfanyakazi wa bandarini, karani wa ofisi za Serikali na mtumishi wa nyumba za Uzunguni waliweza kwenda kazini kutoka Kariakoo bila ya kulipa nauli, na soko kubwa lilikuwa mlangoni kwao tangu 1923, jumba ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga kwa ajili ya maonyesho lilipogeuzwa kuwa soko. Mtu wa Buguruni alipata chumba kwa bei nafuu, akailipa tofauti kwa visigino vyake. Hesabu hii ya kodi na mwendo ndiyo hesabu ya kila mpangaji wa mji mkubwa, na hakuna sheria yoyote iliyotungwa baadaye iliyoweza kuitenganisha.

Uani palikuwa na faida isiyoandikwa katika hesabu. Mwenye nyumba aweza kuwa Mzaramo, chumba cha pili akakaa Mmanyema, cha tatu Mnyamwezi na mkewe, cha nne vijana wawili wa Kingoni. Na wote walichota maji kutoka mtungi mmoja na kungojeana mbele ya jiko moja. Lugha ya kugombania zamu ya jiko haiwezi kuwa ya kabila moja. Wataalamu wameandika mengi juu ya shule, misikiti, misafara na magazeti katika kueneza Kiswahili; ua wa nyumba ya kupanga haujapewa haki yake. J. A. K. Leslie, aliyeuchunguza mji huu katikati ya miaka ya 1950 na kitabu chake kikachapishwa 1963, aliyaona maisha haya karibu zaidi kuliko ofisa mwingine yeyote wa wakati wake, na mwanafunzi atakayetaka kujua jinsi mwenye nyumba na wapangaji wake walivyoishi hana budi kuanzia kwake.

Miongoni mwa wenye nyumba wanawake hawakuwa wachache. Wengine walijenga kwa fedha ya biashara ndogondogo, wengine walirithi. Mwanamke aliyeachwa, au mjane asiyetaka kurudi kwa kaka zake, alipata katika vyumba vitano vya kupangisha heshima ambayo asingeipata kijijini kwake. Kodi ya wapangaji watano ilimlisha, ikamsomesha mtoto, tena ikampa kauli barazani. Kwa jicho la mpangaji, kodi ni fedha inayotoka. Ni haki pia kuitazama kwa jicho la huyu mama, ambaye hakuwa na mshahara wala pensheni nyingine.

Jambo la urithi lastahili kukaliwa kitako, kwa kuwa ndilo lililoshika hatima ya mtaa. Tuseme mwenye nyumba Mwislamu amekufa, ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Sheria ya dini inampa mke thumni, na iliyosalia wanagawana watoto, mwana wa kiume akipata mafungu mawili na binti fungu moja. Nyumba basi imegawanyika katika sehemu arobaini: tano za mama, kumi na nne za kila mwana, na saba za binti. Vyumba sita havigawanyiki kwa arobaini, na ukuta haukatwi kwa msumeno. Lakini kodi inagawanyika hata senti ya mwisho. Kwa hiyo warithi wengi waliiacha nyumba kama ilivyo, wakagawana kodi kila mwezi. Katika kizazi cha kwanza kodi ndiyo iliyowafunga pamoja. Katika kizazi cha tatu, warithi walipofika ishirini na kila mmoja akapewa fedha isiyotosha hata nauli ya kuifuata, kodi ile ile ikawa sababu ya kutaka kuuza.

Vita Kuu ya Pili iliubana mji. Vitu viliadimika, watu waliongezeka, na waliolala wawili chumbani wakawa wanne. Baada ya vita mafuriko hayakukoma: hesabu ya watu ya 1948 iliwaona wakazi 69,277, na ile ya 1957 ikawaona 128,742. Serikali ilipima viwanja na kujenga nyumba Ilala, Magomeni na Temeke, lakini wageni walifika kwa kasi kuliko matofali. Mgomo wa makuli wa bandarini wa 1947 ulikuwa juu ya mshahara. Mshahara nao ulikuwa hautoshi kwa sababu ya chakula, nguo na chumba.

Hapo ndipo sheria ya kuzuia kodi ilipoingia, na nasaba yake ni ya mbali. Katika mwaka wa 1915 wenye nyumba wa Glasgow, huko Scotland, walipandisha kodi wakati waume walikuwa vitani na wafanyakazi wa viwanda vya silaha walikuwa wakimiminika mjini. Wanawake wa mtaa wa Govan, wakiongozwa na Mary Barbour, walikataa kulipa nyongeza, wakawafukuza madalali wa mahakama waliokuja kuwatoa watu vyumbani. Bunge la Uingereza, likiogopa viwanda visisimame, lilitunga sheria kabla mwaka haujaisha: kodi isizidi ile iliyokuwa ikilipwa siku Vita ilipokaribia kuanza, Agosti 1914, na mwenye nyumba asipokee malipo ya kando kwa ajili ya kumpa mtu nyumba. Kutokana na sheria hiyo likazaliwa wazo la kodi ya kawaida, yaani kodi iliyogandishwa katika tarehe fulani, na maofisa wa makoloni wakalileta Afrika ya Mashariki Vita vya Pili vilipokuja. Wanawake wa Govan hawakujua kwamba hasira yao ingefika hata Tanganyika, na wapangaji wa Tanganyika hawakuambiwa ilikotoka.

Sheria iliwafaa nani? Iliwafaa zaidi wale waliokuwa na stakabadhi. Mpangaji wa Uhindini, mwenye hati ya kupanga na wakili, aliweza kwenda mbele ya baraza na kuthibitisha kwamba kodi ya chumba chake ilikuwa kiasi fulani. Mpangaji wa Kariakoo aliyepatana kwa mdomo na mwenye nyumba aliyelala chumba cha pili yake hakuwa na karatasi ya kumwonyesha hakimu, na hata kama angekuwa nayo, angerudije jioni kupika katika ua ule ule na mtu aliyemshitaki?

Tena bei iliyozuiwa mlango wa mbele ilipita uani. Kwa kuwa mwenye nyumba hakuruhusiwa kupandisha kodi, alidai fedha ya mkupuo kabla ya kutoa ufunguo. Fedha hiyo ilipata jina: kilemba. Wahindi wa Bombay waliita malipo ya namna hiyo hiyo pagdi, ambayo maana yake ni kilemba, na yaelekea sana kwamba wafanyabiashara walivuka bahari na neno hilo likatafsiriwa Uhindini. Lakini Waswahili walikuwa tayari na kilemba chao, yaani zawadi apewayo fundi wakati mwanafunzi wake anapohitimu, au mzee wakati binti anapoolewa. Huenda maneno mawili yalikutana na kuvikwa kilemba kimoja. Jambo lililo yakini ni kwamba hongo ilivaa nguo ya heshima, na aliyeitoa alisema ametoa kilemba bila ya kuona haya.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, chumba cha kupanga kilikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kushughulikiwa. Katika mwaka wa 1962 Bunge lilitunga upya sheria ya kuzuia kodi, na mwaka huo huo likaanzisha Shirika la Nyumba la Taifa, lililopewa kazi ya kubomoa nyumba mbovu za udongo na kujenga za saruji. Mwaka 1963 kima cha chini cha mshahara katika Dar es Salaam kiliwekwa kuwa shilingi 150 kwa mwezi, na mwaka huo huo ardhi iliyokuwa milki ya watu binafsi milele ikageuzwa kuwa ya kukodishwa na Serikali kwa miaka 99. Nia ilikuwa safi. Hata hivyo kubomoa nyumba moja ya vyumba sita na kujenga mahali pake nyumba moja ya kisasa hakuongezi chumba hata kimoja, na jambo hilo rahisi la hesabu liliwachukua wapangaji wa Shirika miaka kadhaa kulikiri. Mji wenyewe haukungoja: mwaka 1967 ulikuwa na watu 272,821.

Mwaka huo wa 1967, mwezi wa Februari, likaja Azimio la Arusha. Kati ya masharti yake kwa viongozi lilikuwamo hili, kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Kupangisha kuliwekwa katika orodha moja na hisa za makampuni na mishahara miwili. Msomaji wa leo huenda akashangaa, lakini fikra ilikuwa wazi: anayepokea kodi anakula jasho la mwingine. Waliolipokea kwa moyo mkunjufu walikuwapo, na waliosononeka pia. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa maelfu, alikuwa miongoni mwa walioliona sharti hili kuwa zito. Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Kwa mwanamke wa mjini asiye na elimu ya ofisini, nyumba ya kupangisha ilikuwa ndiyo akiba, ndiyo bima, ndiyo uzeeni pake. Azimio liliwatazama wapangishaji wote kwa jicho moja, ilhali mwenye majumba kumi ya ghorofa na mjane mwenye vyumba vitano hawakuwa watu wa namna moja.

Tofauti hiyo ilitambuliwa miaka minne baadaye. Tarehe 22 Aprili 1971 Serikali ilitangaza kwamba majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo mwenyewe hakuyakaa yote yanachukuliwa na umma. Jengo lililokwisha kutimiza miaka kumi halikulipiwa fidia, kwa madai kwamba kodi ya miaka kumi imekwisha kurudisha gharama. Wenye majengo wengi walikuwa Wahindi, na kwa wengi wao jengo lilikuwa ndiyo mali yote ya vizazi viwili. Katika miaka iliyofuata maelfu waliihama nchi. Nyumba za udongo na bati za Kariakoo, kwa unyonge wao, hazikufikia kipimo cha shilingi laki moja, zikabaki kwa wenyewe. Maghorofa ya matofali yaliyokuwa yameanza kuinuka kando ya barabara kubwa yakaenda kwa ofisi mpya, Msajili wa Majumba.

Mpangaji wa Msajili alikuwa mtu wa bahati. Kodi yake ilikaa palepale miaka ya 1970 yote na kuingia ya 1980, wakati bei za sukari, khanga na sabuni zilikuwa zikipaa. Kadiri shilingi ilivyozidi kupoteza thamani, kodi hiyo ilizidi kukaribia kuwa si kitu. Lakini fedha isiyotosha kununua rangi hainunui rangi. Kuta zilichakaa, mabomba yakapasuka, ngazi zikakaa gizani. Na kilemba kilirudi kwa njia mpya, kwa kuwa sasa hakikutolewa kwa mwenye nyumba, bali kwa mpangaji mwenyewe: aliyekuwa na ufunguo wa fleti ya Msajili alimwachia mwingine kwa fedha nyingi, naye akaenda kujenga nje ya mji. Serikali ilipoteza, mgeni alilipa, na faida ilimwendea mtu wa katikati ambaye sheria ilikuwa imemkusudia kuwa mnyonge.

Sheria ya kuzuia kodi ilitungwa tena mwaka 1984, ikiwa na mabaraza ya kuamua kodi ya haki na kumkinga mpangaji asitolewe bila ya amri. Mwaka huo huo, kwa mkono mwingine, Serikali ililegeza masharti ya biashara na kuwaruhusu watu kuingiza bidhaa kutoka nje kwa fedha zao wenyewe. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa Kariakoo ijulikanayo sasa. Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mwaka 1991 CCM, kwa maamuzi ya Zanzibar, ikamwondolea kiongozi sharti la kutopangisha nyumba. Na mji ukafika watu milioni mbili na nusu hivi katika hesabu ya 2002.

Wakati huo mpangaji wa Kariakoo alipata mshindani asiyemjua. Zamani alishindana na mpangaji mwenzake: karani na makuli, Mngoni na Mmanyema. Sasa alishindana na mzigo. Mfanyabiashara wa vitenge, viatu au vyombo vya jikoni alihitaji stoo karibu na duka lake, na chumba kilichotosha kitanda na kabati kilitosha pia mabunda mengi. Bunda la nguo halipiki, halichoti maji, halijazi choo, halina wageni wa msiba. Linalipa zaidi tena halilalamiki. Mwenye nyumba, au warithi wake ishirini, hawakuhitaji ushawishi mwingi. Jambo hili, kuliko sheria yoyote, ndilo lililowatoa watu vyumbani.

Baada ya stoo likaja ghorofa. Warithi walikuwa na kiwanja wasicho na uwezo wa kukijenga, na tajiri alikuwa na fedha asiye na kiwanja. Wakapatana kwamba tajiri ajenge, na sakafu zigawanywe kati yao au tajiri avune kodi kwa miaka kadhaa kisha aondoke. Wengine waliuza moja kwa moja. Sehemu arobaini za urithi, ambazo zilikuwa zikigawanywa mwezi kwa mwezi katika senti, ziligawanywa mara moja katika mamilioni, na mama wa chumba cha mbele akahamia kwa binti yake Mbagala au Tabata. Si haki kusema alidhulumiwa, kwa kuwa wengi waliuza kwa hiari na wakafurahi. Ila ua ulikwisha.

Mwaka 2005 sheria ya kuzuia kodi ilifutwa. Tangu hapo kodi ya nyumba Tanzania ni ya mapatano, na migogoro yake hupelekwa mbele ya mabaraza ya ardhi na nyumba au mahakama. Mwaka 2008 ikatungwa sheria iliyomwezesha mtu kumiliki fleti moja katika ghorofa, na fleti za Kariakoo zikaanza kuwa mali ya kununuliwa, siyo ya kupangwa tu. Mchumi angesema kwamba bei imeachwa huru, na kwa hiyo kilemba kimekosa sababu. Kwa kweli kimebadili sura. Desturi ya mji imekuwa kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mbele, na dalali aliyemwonyesha mtu chumba hupewa kodi ya mwezi mmoja, ambayo hutolewa na anayetafuta.

Hesabu yake ni fupi. Chukua chumba kwa mfano cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Anayetaka kuingia kwa mwaka atatoa 1,200,000 kwa mwenye nyumba na 100,000 kwa dalali, yaani shilingi 1,300,000 kabla ya kuweka godoro. Mshahara wake hulipwa kwa mwezi, chakula chake hununuliwa kwa siku, bali malazi yake hudaiwa kwa mwaka. Basi hukopa, kwa ndugu, kwa upatu, kwa mwajiri, au kwa wakopeshaji wa riba kubwa, na riba hiyo ni sehemu ya kodi ambayo haiandikwi katika mkataba. Mpangaji wa 1957, mwenye mapatano ya mdomo na mwenye nyumba wa chumba cha pili, alikuwa na udhia wake. Lakini aliposhindwa kulipa mwisho wa mwezi aliweza kuomba siku saba, na aliombwa naye chumvi siku ya nane.

Waliosukumwa nje wamejenga mji mwingine kuuzunguka ule wa zamani. Gongo la Mboto, Kimara, Mbagala na Tegeta wamejaa watu ambao kazi yao ingali Kariakoo. Tangu Mei 2016 mabasi ya Mwendokasi huwaleta kutoka Kimara kwa njia yao wenyewe, na mwenye kujua mambo ya mji hakushangaa kuona vyumba vya karibu na vituo vikitafutwa zaidi. Hesabu ya watu ya 2022 iliwaona wakazi 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam.

Asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja la maduka liliporomoka Kariakoo, watu wakiwa ndani, na zaidi ya ishirini wakafa. Katika siku za kuwatafuta waliofukiwa, jamaa zao walikuja kusimama karibu na kifusi wakitokea pande zote za mji. Walikuwa wakishuka mabasini alfajiri na kuondoka usiku, kwa kuwa wachache kati yao walikuwa na mahali pa kulala katika mtaa huo.